Mafunzo ya Haki na Wajibu Jijini Tanga: Darasa Zuri, Kitini chenye Kasoro

Kundi moja la wasaidizi wa kisheria hapa Tanga limekuwa likiendesha mafunzo ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili, juu ya haki za binadamu na wajibu wa raia. Ada ni shilingi 10,000, na ndani yake mna chai ya asubuhi, chakula cha mchana, kitini na cheti cha ushiriki. Ukumbi ni wa kukodi, uko Chumbageni, mahali ambapo mtu wa Ngamiani hufika kwa bodaboda bila kuumiza mfuko. Nimehudhuria, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wanaojiuliza kama inafaa kutoa fedha hiyo na kuacha mapumziko ya mwisho wa juma. Jina la kundi ninaliacha, kwa sababu kasoro kubwa nitakayoieleza nimeisikia pia katika semina na mikutano ya watu wengine, na si vyema kumbebesha mmoja mzigo wa wengi.

Yaliyo mepesi niyamalize haraka. Chakula kilikuwa wali wa nazi na samaki, na hakuna aliyelalamika. Ukumbi una joto na feni zake hazitoshi. Tulianza kwa kuchelewa siku zote mbili, jambo ambalo katika mafunzo yanayohusu wajibu lilizua vicheko vya chini chini. Viti ni vya plastiki, lakini maji ya kunywa yalikuwapo, bango kitita lilisomeka hata kwa waliokaa nyuma, na waandaaji walikuwa na adabu kwa wazee na kwa vijana.

Siku ya kwanza ndiyo iliyonifanya nisijutie ada yangu. Mwezeshaji alikuwa mwanasheria kijana, dada mpole wa sauti lakini asiyekubali jibu la juu juu. Alituambia tangu mwanzo kwamba swali linalojadiliwa katika nchi nyingi, yaani kama sheria za haki za binadamu ziandike pia wajibu wa mtu mmoja mmoja, kwetu sisi limekwisha kujibiwa kwa maandishi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 ilipopitishwa haikuwa na sura ya haki zinazoweza kudaiwa mahakamani. Haki hizo ziliingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na mahakama zikaanza kupokea madai yake mwaka 1988. Zilipoingia hazikuingia peke yake: ibara ya 12 hadi ya 24 zinataja haki, kisha ibara ya 25 hadi ya 28 zinataja wajibu wa kufanya kazi, kutii sheria, kulinda mali ya umma na kulilinda taifa. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa mwaka 1981 na kuanza kutumika mwaka 1986, nao umetenga sura nzima kwa ajili ya wajibu, ibara ya 27 hadi ya 29. Kwa hiyo, alisema, Mtanzania hana haja ya kuuliza kama wajibu uandikwe. Anachopaswa kuuliza ni wajibu huo ukishaandikwa unafanya kazi gani, na unamnufaisha nani.

Swali hilo ndilo nililolitumia kuyapima mafunzo yote, na ninapendekeza msomaji afanye vivyo hivyo.

Mfano alioutoa ulikuwa bora kuliko maelezo mengi niliyowahi kuyasikia juu ya jambo hili. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua shauri katika Mahakama Kuu, Dodoma, dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akipinga mambo kadhaa likiwamo katazo la mgombea binafsi katika uchaguzi. Upande wa Serikali ulihoji mtu huyu anadai kwa niaba ya nani, na yeye mwenyewe ameumizwa nini. Jaji Lugakingira alikwenda kwenye ibara ya 26, ile inayomtaka kila mtu kuifuata na kuitii Katiba na sheria za nchi, akaonyesha kwamba ibara ndogo ya (2) inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria ili kuhakikisha hifadhi ya Katiba hiyo. Mwenye wajibu wa kuitii Katiba ana haki pia ya kuilinda, hata kama jambo lenyewe halijamgusa yeye binafsi. Mlango wa mashauri ya maslahi ya umma ukafunguka kupitia ibara ya wajibu. Ukumbi ulinyamaza kidogo hapo, kwani wengi wetu tulidhani kwamba wajibu ni sehemu ya Katiba ambayo Serikali humsomea raia, wala hatukufikiri kwamba raia anaweza kuisoma mbele ya jaji.

Dada huyo hakuishia kwenye sifa. Alieleza kwamba Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, iliyotungwa mwaka 1994, ilirekebishwa mwaka 2020, na marekebisho hayo yalimtaka anayefungua shauri la aina hiyo kueleza kwa kiapo namna uvunjaji anaoulalamikia ulivyomgusa yeye mwenyewe. Mlango uliokuwa wazi ukarudishwa nyuma. Wajibu wa kutii Katiba ulibaki vile vile kwa kila mtu, ila njia ya kuitetea ikawa nyembamba. Mshiriki mmoja aliuliza kama hiyo si kumwachia mtu mzigo na kumnyang'anya kata ya kuubebea. Mwezeshaji akatabasamu tu, akaendelea.

Mjadala wa alasiri ulihusu watoto, na hapa pia huduma ilistahili alama za juu. Mama mmoja alilalamika kwamba watoto wa siku hizi wamefundishwa haki tupu, hata wakikatazwa jambo wanataja sheria. Mwezeshaji alimwitikia kwa heshima, “Mama, sheria hiyo hiyo wanayoitaja inawadai na wao,” kisha akaisoma Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 15, ambacho kinamtaka mtoto kufanya kazi kwa ajili ya umoja wa familia, kuwaheshimu wazazi, walezi na wazee, na kuwasaidia wanapohitaji. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 haumwandikii mtoto wajibu wa namna hii. Wajibu huo umetoka kwenye mkataba wa Kiafrika wa haki na ustawi wa mtoto wa mwaka 1990, ambao ibara yake ya 31 ina maneno yanayofanana nao. Mama akafurahi. Kisha akaulizwa: je, mtoto akiwa mkaidi, baba anaruhusiwa kuacha kumpa matunzo? Akajibu bila kusita kwamba hapana, mtoto ni mtoto. Mwezeshaji hakuhitaji kuongeza neno. Kifungu cha matunzo na kifungu cha heshima vipo katika sheria moja, kila kimoja kinasimama kwa miguu yake, na hakuna hata kimoja kinachosema kwamba kingine kikivunjwa chenyewe kinakufa.

Laiti mafunzo yangekwisha Jumamosi.

Jumapili mwezeshaji alikuwa mtumishi wa umma mstaafu, mtu mcheshi na mwenye uzoefu, aliyejenga somo lake lote juu ya kauli moja: kwanza wajibu, ndipo haki. Sina ugomvi na kauli hiyo ikitamkwa na mzazi mezani au na kocha wa mpira Mkwakwani. Ikitamkwa na mtu anayefundisha sheria, inahitaji kupimwa. Kijana wa bodaboda aliuliza swali lenye maana sana: akikamatwa, naye ana faini za nyuma hajazilipa, je, bado ana haki ya kusikilizwa? Jibu alilopewa ni kwamba raia asiyetimiza wajibu wake hawezi kuja kudai haki mbele ya watu.

Jibu hilo si sahihi, nami nasikitika kwamba lilitolewa kwa kijana ambaye huenda atalihitaji jibu sahihi siku moja akiwa kituoni. Ibara ya 13 (6) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na inakataza mtu anayeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika. Haisemi “isipokuwa mdaiwa wa faini.” Faini ina sheria yake na njia zake za kukusanywa. Mtu anayedaiwa faini anadaiwa faini; hadaiwi pia masikio ya hakimu. Mahakama ya Rufani ilikwisha kuonyesha njia katika rufaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Daudi Pete, mwaka 1991. Ilikiri wazi kwamba Katiba yetu inaweka haki za mtu pamoja na wajibu wake kwa jamii, na kwamba haki si kitu kisicho na mipaka; lakini ilipokikuta kifungu cha sheria kinachonyima dhamana kwa upana uliopita kiasi, ilikitangaza kuwa kinapingana na Katiba. Kutambua wajibu hakukuwazuia majaji kuilinda haki ya mshtakiwa. Rufaa hiyo ingefaa sana kufundishwa asubuhi ile, wala haikutajwa.

Aliyeliokoa somo hilo alikuwa mzee mmoja wa Ngamiani, ambaye baba yake aliletwa kutoka Songea kuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, katika mashamba ya mkonge. Aliomba ruhusa, akasema, “Mwanangu, mimi wajibu siupingi. Lakini baba yangu naye aliambiwa kazi ni wajibu, na aliyemwambia alikuwa na kipande mkononi.” Kipande ni kadi ya kuhesabia siku za kazi. Mwezeshaji alimshukuru kwa mchango wake, akageuza ukurasa. Mimi nisingegeuza. Hakuna mkoa katika nchi hii wenye sababu kubwa kuliko Tanga ya kulisoma suala la wajibu kwa uangalifu. Enzi ya Wajerumani wenyeji wa Usambara walibebeshwa kadi za kuonyesha kwamba wamewafanyia walowezi kazi kwa siku zilizotakiwa, na kwa miongo mingi baadaye maelfu ya watu waliletwa kutoka mbali kukata mkonge kwa mikataba ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma. Kazi iliitwa wajibu wa mstaarabu, na haki ilikuwa jambo la kusubiriwa. Hata baada ya uhuru, Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 iliwafanya watu wa mijini wasioweza kuonyesha kazi inayotambulika wakusanywe na kupelekwa vijijini. Lengo linaweza kuwa lilikuwa jema, lakini yule aliyekuwa akitembeza kahawa au kushona viatu barabarani hakuulizwa alikuwa amechoka kiasi gani jioni.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kitini, ambacho ndicho kitu mshiriki anachobaki nacho, na ndicho nilichokisoma kwa makini kuliko vyote. Kimechapwa vizuri, herufi ni kubwa, Kiswahili chake ni safi. Tatizo lake ni namna kinavyonukuu. Kwenye wajibu wa kufanya kazi kimetoa ibara ya 25 (1), inayosema kwamba kazi ndiyo huzaa utajiri wa mali katika jamii na kwamba kila mtu ana wajibu wa kushiriki kwa kujituma katika kazi halali. Ibara ndogo ya (2), inayosema kwamba hakutakuwa na kazi ya shuruti, haimo, wala haimo ya (3), inayoeleza kazi zipi hazitahesabiwa kuwa za shuruti, kama vile ile inayofanywa kutokana na hukumu ya mahakama. Kwenye wajibu wa kutii sheria kimetoa ibara ya 26 (1), kikaiacha ile ya (2) ambayo tuliisikia Jumamosi ikifungua mlango wa Mahakama Kuu. Nilipoona hivyo nikaenda kwenye ukurasa wa Azimio la Dunia la Haki za Binadamu la mwaka 1948, nikiwa nimeshaanza kushuku. Kweli, ibara ya 29 (1), isemayo kwamba kila mtu ana wajibu kwa jamii, imeandikwa kwa herufi nzito. Ya (2), isemayo kwamba mipaka ya haki itawekwa na sheria tu, na kwa ajili tu ya kulinda haki za wengine, maadili, utulivu na ustawi wa wote katika jamii ya kidemokrasia, imeachwa. Ibara ya 30, inayokataza dola, kundi au mtu yeyote kulitumia Azimio hilo kuzivunja haki zilizomo, haikutajwa kabisa.

Mara tatu kukata mahali pale pale si bahati mbaya ya mchapaji. Sidhani kwamba kuna hila. Ninadhani aliyekusanya alikuwa akitafuta wajibu, akaupata, akaridhika. Lakini matokeo yake ni kwamba mshiriki anarudi nyumbani na wajibu usio na mipaka, ilhali walioandika nyaraka hizo waliuwekea mipaka kwa makusudi katika ibara hiyo hiyo au inayoifuata.

Historia ya dunia inaonyesha kwa nini walifanya hivyo. Wafaransa waliandika tamko la haki mwaka 1789, kisha mwaka 1795, baada ya umwagaji damu mwingi, wakaandika jingine lenye haki na wajibu pamoja, na wajibu huo ulielemea utii kwa sheria na ulinzi wa mali. Mataifa ya Amerika yalipokutana Bogotá mwaka 1948 yalipitisha azimio la haki na wajibu wa binadamu miezi kadhaa kabla ya lile la Umoja wa Mataifa. India iliingiza wajibu wa msingi wa raia katika Katiba yake mwaka 1976, wakati wa hali ya hatari, ambapo wapinzani wengi wa serikali walikuwa kizuizini. Mwaka 1997 baraza la viongozi wastaafu wa nchi mbalimbali, akiwamo Helmut Schmidt wa Ujerumani, lilipendekeza tamko la dunia la wajibu wa binadamu, na Umoja wa Mataifa haukulipitisha. Kati ya hayo yote kitini kinataja la Bogotá pekee, tena kwa sentensi moja.

Maoni yangu, kwa kuwa tathmini bila maoni ni tangazo tu, ni kwamba wajibu unastahili kuandikwa katika sheria pale ambapo upande wa pili yupo mtu mwenye haki anayeungoja. Baba anadaiwa matunzo kwa sababu yupo mtoto. Mwajiri anadaiwa ujira wa haki kwa sababu yupo aliyekata mkonge. Hata ibara ya 29 (5) ya Katiba yetu, ambayo ingefaa kuwa moyo wa mafunzo haya, inamtaka kila mtu kuendesha shughuli zake bila kuingilia haki na uhuru wa wengine wala maslahi ya umma. Na ibara ya 30 (3) inamruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu akidai kwamba haki yake, au wajibu uliopo kwake, umevunjwa na mtu mwingine. Wajibu wa namna hiyo una mdai. Ule usio na mdai ila dola yenyewe, kama wajibu wa kulinda mshikamano uliomo katika ibara ya 29 ya Mkataba wa Afrika, sisemi ufutwe, lakini unahitaji jaji wa kuuangalia kila mara unapotajwa. Mahakama ya Afrika, ambayo makao yake yako Arusha, ilifanya hivyo mwaka 2013 katika shauri la Mtikila huyo huyo: Serikali ilijitetea kwa mahitaji ya nchi, na Mahakama ikaona kwamba hayakutosha kuhalalisha katazo la mgombea binafsi.

Kuhusu wajibu wa kuwatunza wazazi, ambao Mkataba huo pia umeutaja, ukumbi uligawanyika, na wazee waliokuwa na watoto Dar es Salaam walisema mengi ambayo hayakuhusu sheria. Mwenyekiti wa kikao alifanya vizuri kuwaacha waseme.

Je, uende? Ndiyo, hasa Jumamosi. Kwa ada ile hupati mahali pengine hapa Tanga maelezo ya namna ile juu ya ibara ya 26 na Sheria ya Mtoto, tena kwa lugha ambayo mama muuza vitumbua na kijana wa bodaboda wanaifuata bila taabu. Jumapili nenda ukiwa na nakala yako ya Katiba, na ukisomewa ibara ndogo ya kwanza, omba na ya pili isomwe. Mstaafu yule si mtu mkali na hatakukatalia. Waandaaji niliwapa orodha ya kurasa zenye upungufu, nao waliipokea vizuri na kusema toleo lijalo la kitini litarekebishwa. Hadi hapo ningewashauri wachape karatasi moja yenye ibara ndogo zilizoachwa na kuibandika ndani ya jalada, na wamwombe yule mwanasheria kijana ajibu upya swali la bodaboda, kwa sababu kijana yule aliondoka ukumbini akiamini alichoambiwa.